Shujaa wa Fotokopi

Jumatatu, tarehe 3

Ushindi! Mimi ndiye Shujaa.

Kikundi chetu cha wasomaji kitausoma utenzi wa kale jukwaani, katika ukumbi wa maktaba, Jumamosi ya wiki ijayo. Kila mtu na mavazi yake, na karatasi yake mkononi. Leo ilipigwa kura ya nani awe Shujaa. Vijikaratasi nilivitayarisha mimi, maana mwenye duka la fotokopi ni mimi. Bibi Maktaba, msimamizi wetu, akaokota kimoja. Kimeandikwa: Fotokopi. Makofi! Kinyozi, ambaye ana sauti nzito na anajua kwamba anayo, akataka kuviona vilivyobaki. Vilikuwa vitano. Vyote vimeandikwa Fotokopi. Nikavimeza.

Malkia atakuwa mke wangu. Kinyozi ni Adui. Inamfaa.

Jumanne, tarehe 4

Niandike kwa nini hili kwangu ni jambo la kufa na kupona. Baba mkwe! Mzimamoto mstaafu, aliyetoa watu kumi na mmoja kwenye moshi kwa mikono yake mwenyewe. Miaka tisa nimekuwa mkwewe, hajaniita mwanangu hata mara moja. Huniita huyo wa fotokopi. Amekubali kuja siku hiyo, kiti cha mbele. Akiniona na mkuki na ngao, lazima neno litamtoka. Nalitaka neno lile kuliko mashine mpya.

Mke wangu amefurahi kupita kiasi. Cherehani inakwenda, mdomo unakwenda. Akanisimulia kwamba alipokuwa msichana alimwomba baba yake ampeleke kikosi cha zimamoto, akajibiwa kuwa ile ni kazi ya wanaume, akajifunze kushona. Sikuona hadithi hiyo inahusiana na nini. Nikamkumbusha vifungo vya joho langu.

Alhamisi, tarehe 6

Bibi Maktaba kaniletea kitabu, maana kipo hicho kimoja tu. Nimetoa seti thelathini, upande mmoja, safi kabisa. Kisha nikafanya kosa. Nikausoma utenzi wenyewe.

Aibu tupu! Shujaa anaaga, anatoka langoni, anakwenda vitani. Vizuri. Lakini Adui anazungukia nyuma, na nani anaulinda mji? Malkia! Anatupa kazi yake ya kufuma, anachukua ngao ya akiba, anashikilia lango kwa beti ishirini na tatu. Ishirini na tatu! Shujaa anarudi na majeraha, anakuta lango limefungwa, na anafanya nini? Analia. Kwa sauti. Beti nane za kulia, mbele ya baba mkwe wangu!

Nikampigia simu Bibi Maktaba kumwuliza kama hayo si makosa ya mchapaji. Akasema sivyo. Mashujaa wa kale walilia hadharani na hakuna aliyewacheka, kwa sababu wajibu ni mzito kwa yeyote anayeubeba, awe mume au mke. Nikamshukuru. Nadhani watu wa kale hawakuwa na baba wakwe.

Jumamosi, tarehe 8

Nimeunyoosha utenzi. Sasa Shujaa anatoka, anamchakaza Adui kwa beti nne (nimezitunga mwenyewe, vina karibu vyote vimekaa), anarudi. Malkia anamletea maji ya kunawa. Mwisho. Malkia amebaki na ubeti mmoja, nao ni wa kushukuru.

Karatasi: sikuona haja ya kufungua rimu mpya. Nimechapa nyuma ya zile seti za mwanzo, kwa kuwa upande wa pili ulikuwa wazi. Kumi na mbili zinatosha. Miaka kumi na minne kazini, sijawahi kutupa karatasi yenye upande safi.

Jumatano, tarehe 12

Bibi Maktaba anadai nakala. Nikamwambia mashine inatafuna karatasi. Kinyozi akajitolea kuja kuitazama. Kinyozi! Anajua nini huyo zaidi ya wembe? Nikafunga mlango na kulala chini ya kaunta mpaka akaenda zake. Nakala zitatoka siku yenyewe, dakika ya mwisho, mtu asipate nafasi ya kuchokonoa. Wakati mwingine akili zangu hunitisha mwenyewe.

Kofia ya vita tayari. Ndoo ndogo ya plastiki, nimeipaka rangi ya fedha. Inabana kidogo masikioni. Mke wangu akanishauri niikate ukingo. Nikamwambia mambo ya silaha aniachie mimi.

Jumamosi, tarehe 15

Siku ya siku!

Saa tisa alasiri ukumbi umejaa. Baba mkwe kiti cha mbele, fimbo katikati ya magoti. Nikagawa nakala zikiwa zimebaki dakika tano. Hakuna aliyelalamika, muda haukuwepo. Pazia. Nikaaga vizuri sana. Nikavaa ndoo, nikaisukuma kwa mbwembwe mpaka kidevuni, nikapapasa njia na kutokea mlango wa pembeni, ambao ndio ulikuwa lango la mji. Nje ni uani, jua kali na mapipa ya taka. Mpango wangu ulikuwa nihesabu mpaka ishirini, halafu nirudi kwa kishindo.

Nikiwa kumi na tatu nikamsikia Bibi Maktaba, ambaye ndiye msimulizi, akisita. Kisha karatasi zikachakarika, zote kwa pamoja. Kisha komeo. Tak! Halafu sauti ya mke wangu, sauti ambayo sijawahi kuisikia nyumbani, ikimwambia Adui kwamba lango hili halina mlinzi mwingine ila yeye, naye habanduki.

Beti zile zilitoka wapi? Nilizikata kwa mkono wangu mwenyewe! Namshuku Kinyozi.

Beti ishirini na tatu nimesimama juani. Nikajaribu kuivua ndoo. Haitoki. Masikio yakakunjika kama bahasha. Nikagonga mlango. Nikagonga tena. Nikajikaza kisabuni mpaka nikashindwa. Nitaandika ukweli kwa kuwa shajara hii haisomwi na mtu: nililia. Nilimwomba mke wangu kwa jina la watoto wetu anifungulie. Ndoo ikaikuza sauti yangu hadi safu ya mwisho. Watu wakadhani ni utenzi! Bibi Maktaba anasema wengine walitoa leso.

Lango likafunguliwa. Sikuona kitu. Mke wangu akanishika mkono tukasimama bega kwa bega, makofi yakirindima kama mvua kwenye mabati. Mara kiti cha mbele kikasogea. Fimbo ikagonga sakafu. Hatua nzito zikaja mpaka mbele yetu. Na sauti ya baba mkwe, imekatika kwa machozi, ikasema: "Mwanangu. Nilikosea siku ile. Wewe ungekuwa mzimamoto kutushinda sisi sote."

Mwanangu! Miaka tisa!

Kumbe mzee alikuwa akinipigia hesabu za kikosini muda wote huo. Siku ile ni ipi, sina hakika. Labda ya harusi, aliponisukuma nje ya picha. Nikamjibu, nikiwa ndani ya ndoo, kwamba nimemsamehe kabisa. Nikasikia fimbo yake ikirudi kitini. Hisia zilimzidi. Mke wangu alikuwa akilia kwa kwikwi hapo kando yangu, kwa furaha ya kuona mumewe ametambuliwa. Baadaye akaipasua ndoo kwa mkasi wake wa vitambaa.

Jumatatu, tarehe 17

Baba mkwe kaja asubuhi na kitu kimefungwa kwenye taulo. Kofia yake ya zimamoto! Ile yenyewe, iliyoungua ubavuni. Akapita kwenye kaunta akaniuliza hujambo wa fotokopi. Bado anaona haya kuniita lile jina mbele ya wateja. Akaenda moja kwa moja chumba cha cherehani, wakakaa na binti yake mpaka adhuhuri, mara kicheko, mara kimya. Kofia kaiacha kwa mke wangu anitunzie. Ameivaa tangu saa sita huku akishona, na hajataka kuivua hata kwa chakula. Ananilainishia.

Bibi Maktaba kasema tumeombwa kurudia mwezi ujao, na akasihi kila kitu kiwe vilevile. Atashangaa! Nimeshagundua kosa langu. Nilimwachia Malkia ubeti mmoja, na huo ndio uliompa kichwa. Safari hii hana hata mmoja. Atasimama kimya na beseni lake.

Nimeshachapa. Seti za mwanzo zilibaki kumi na nane, nyuma nyeupe pe. Rimu mpya sikuigusa.