Nafasi Ishirini za Saa Tatu

Jumatatu, tarehe 4 Agosti

Dekow amekuja tena. Tulistaafu mwaka mmoja. Yeye alifundisha Jiografia, mimi Kiswahili. Amekunywa chai yangu, kisha akatoa simu. Alitaka nione "bicha". Nilimwambia ni picha. Akasema ndiyo, bicha, akanisogezea simu usoni. Amesimama na wanawe wawili mbele ya Jumba la Mwinyi Kombo, Mombasa, amevaa miwani ya jua. Jumba lina miaka mia tatu. Miwani ni mipya.

Akaniuliza kama ni kweli nimefundisha Kiswahili miaka thelathini na mmoja, Hadado, Bura na hapa Garissa mjini, bila kukanyaga pwani hata siku moja. Nikajibu kwamba sarufi haihitaji bahari. Akasema basi mimi ni kama mtu aliyefundisha kuogelea Hadado, kusiko na hata kidimbwi. Alicheka peke yake kwa muda mrefu.

Alipoondoka nikaosha vikombe viwili. Kwa kawaida huwa kimoja.

Binti yangu wa pekee, Idman, ni muuguzi huko Mombasa. Hajaja nyumbani tangu Idi ya mwaka jana. Hunipigia simu kila Ijumaa, dakika nne. Nikimwalika, husema yuko kazini. Nimelitafakari jambo hili na kugundua kosa langu: nimekuwa nikiomba. Ombi hukataliwa. Tiketi yenye jina, tarehe na saa ni hati rasmi. Nani akatae hati rasmi?

Dekow anasema siku hizi Jumba la Mwinyi Kombo huingii hivi hivi. Unaweka nafasi mapema kwenye mtandao, watu ishirini kwa kila saa, na unalipa ukifika. Vizuri. Nitaweka nafasi mbili, Jumamosi tarehe 16, saa tatu asubuhi. Kisha nitamwarifu Idman kwa ufupi, kana kwamba nilikuwa nikipita tu karibu na Mombasa.

Jumanne, tarehe 5 Agosti

Nimekwenda saiba ya Batula, duka la kompyuta na mtandao karibu na soko. Batula alitaka kunijazia fomu mwenyewe. Alisema haitachukua masaa. Nilimweleza kwamba wingi wa saa ni saa. Akasema haya, mwalimu, kumbe unajua, basi jijazie. Akaenda kumtolea mtu kopi za vyeti.

Fomu ilikuwa ya Kiswahili, jambo la kupongezwa. Jina lako. Namba ya simu. Jina la mwenzako. Tarehe. Saa. Chini kabisa, kitufe kimoja cha kijani: HIFADHI.

Mtu makini huhifadhi kazi yake kila anapoirekebisha. Kwanza niliandika "Idman". Nikahifadhi. Nikaona ni ufupi usiofaa katika hati rasmi. Nikaandika "Bi Idman". Nikahifadhi. Nikakumbuka nukta baada ya Bi. Nikahifadhi. Kisha "Bi. Idman Nunow". Kisha "Muuguzi Idman Nunow", ili wajue anatoka katika nyumba ya watu waliosoma. Mara moja niliandika "Binti yangu". Nikahifadhi, nikaitazama, nikaona haimhusu mlinzi wa lango.

Kila nilipobonyeza, ukurasa ulirudi mtupu, nami nikaanza upya bila kunung'unika. Baada ya mara ya kumi ukurasa ulikataa kuendelea. Nikaelewa kwamba kazi imekamilika.

Njiani simu ililia mara kumi. Arafa kumi. Tangu nistaafu sijapata arafa kumi kwa siku moja. Sikuzisoma. Nilitembea polepole nikizisikiliza zikiingia.

Alhamisi, tarehe 7 Agosti

Nimeandika ujumbe wa kumwarifu Idman mara sita. Rasimu ya kwanza ilisema nyumba iko kimya sana tangu mama yake afariki. Nikaifuta. Hiyo si habari, anaijua. Ya pili ilikuwa ndefu. Ya tatu ilikuwa na "kwa hivyo" mbili. Nitautuma utakapokamilika.

Zamani Idman aliniandikia kila siku. Kila ujumbe nilimrudishia umesahihishwa, ili asirudie kosa. Njia hiyo ilifaulu. Makosa yalikwisha. Ujumbe pia.

Ijumaa, tarehe 8 Agosti

Idman amepiga baada ya sala ya Ijumaa. Kwa mara ya kwanza ana habari nyingi kuliko mimi. Jumamosi ya tarehe 16 hana kazi. Alitaka kunialika mimi baba yake, aabo kama anavyoniita, nizuru Mombasa, anipeleke Jumba la Mwinyi Kombo saa tatu, kabla jua halijawa kali kwa magoti yangu. Jumatatu aliona saa hiyo iko wazi. Akaomba ruhusa kazini. Jumanne jioni aliporudi kwenye mtandao, nafasi zote ishirini zilikuwa zimechukuliwa, na saa nyingine zimejaa kwa sababu ya likizo ya shule. Alisema bila shaka ni kampuni fulani ya watalii.

Nilikasirika pamoja naye. Nikasema hao ni watu wasio na haya. Akasema hawana haya kabisa, aabo, wanafikiri mji ni wao. Nikasema wanyimwe leseni. Hatujawahi kukubaliana kiasi hicho tangu mazishi.

Sikumwambia kwamba mimi ninazo nafasi mbili, nilizowahi kabla ya walafi hao. Ushindi wa namna hiyo hautangazwi kwa simu. Nitamshtukiza.

Akasema basi, kwa kuwa imeshindikana, kuna mwenzake mwenye harusi ya dada yake ambaye wangeweza kubadilishana shifti, halafu yeye Jumamosi hiyo... Hapo nikamkatiza. Zamu, nikamwambia, si shifti. Akasema sawa, aabo. Akakata.

Sehemu iliyobaki ya sentensi sikuisikia, lakini msamiati ulikuwa wa lazima. Dakika tatu na nusu.

Jumatatu, tarehe 11 Agosti

Nimekwenda kwa Batula kuchapisha tiketi yangu. Mashine ilitoa karatasi. Ikatoa nyingine. Batula akaitazama, akanitazama, akauliza mzee, umenunua jumba lenyewe? Ikafika ya kumi. Batula aliketi kwenye kiti cha wateja ili acheke vizuri.

Alinieleza kwamba katika tovuti hiyo hifadhi si kutunza maandishi, ni kuweka nafasi. Nikatoa kamusi kutoka mfukoni mwa koti. Maana zote mbili zimo. Kamusi ilikuwa upande wa kila mtu.

Kumi mara mbili ni ishirini, mwalimu, alisema Batula, hiyo si sarufi.

Kwa hiyo kampuni ya watalii ni mimi.

Batula akasema mpigie binti yako sasa hivi, mwambie, mtacheka wote wawili. Haelewi. Nilikwisha kusema wanyimwe leseni. Akasema basi afute tisa, ni kubonyeza tu. Alipobonyeza ya kwanza, kisanduku kikafunguka kikitaka SABABU. Nilitafakari sababu gani inaweza kuandikwa na mtu wa elimu yangu. Nikamwambia afunge.

Kisha nikapata wazo. Nafasi ishirini, watu wawili. Jumba lote kwa saa nzima, mimi na Idman tu, hakuna wa kutusukuma, hakuna wa kutuharakisha. Nitamsomea maandishi ya ukutani. Batula akasema na wale watu kumi na wanane wanaozitaka, mzee, wakae nje kwa ajili yako? Nikasema waende saa nne.

Hakucheka tena. Hata pesa za kuchapisha alizipokea bila kunitazama.

Jumatano, tarehe 13 Agosti

Batula hana siri. Dekow amefika akiniita Bwana Ishirini. Baadaye akatulia, akapuliza chai, akasema walaal, ndugu yangu, safari ni ndefu na magoti yako si mazima. Twende wote. Atakaa nje ya jumba nikiwa na binti yangu, yeye amekwisha kuliona. Hata mkoba atanibebea, mradi nisiende peke yangu. Tena, akasema, tiketi yako ni mingi.

Nilimwambia tiketi ni nyingi.

Akasema ndiyo, si hata yeye amesema mingi. Nikamweleza ngeli. Nilimweleza kikamilifu, kwa mifano. Akamaliza chai akasimama. Mlangoni alisema mwalimu, siku ukifa utamsahihisha hata anayekuombea dua.

Kikombe chake bado kiko mezani.

Ijumaa, tarehe 15 Agosti

Nimesafiri kwa basi tangu alfajiri. Tumesimamishwa vizuizini mara nne kuonyesha vitambulisho. Askari mmoja aliniuliza natoka nchi gani. Nilimjibu kwa sentensi yenye vishazi vitatu. Akanirudishia kitambulisho kabla sijafika kitenzi kikuu.

Mombasa ina unyevu mwingi. Nyumba ya wageni ni safi. Mwenyeji aliuliza niko na nani, nikasema binti yangu anakuja.

Saa kumi na mbili jioni nilituma ujumbe hatimaye. Ulikuwa umekamilika: "Kesho saa tatu kamili asubuhi. Lango la Jumba la Mwinyi Kombo. Njoo na kitambulisho." Hauna kosa hata moja. Hajausoma. Bila shaka anapumzika kwa ajili ya kesho.

Jumamosi, tarehe 16 Agosti

Nilifika saa mbili na nusu, nimevaa kanzu nyeupe na koti. Saa tatu mlinzi akafungua daftari lake, akaanza kuita kwa sauti. Mwalimu Nunow Shurie na Idman. Mwalimu Nunow Shurie na Bi Idman. Mwalimu Nunow Shurie na Bi. Idman Nunow. Watu waliokuwa wakingoja saa nne walianza kugeuka. Mwalimu Nunow Shurie na Muuguzi Idman Nunow. Mwalimu Nunow Shurie na Binti Yangu. Hapo mlinzi akasita, akashusha sauti, akauliza mzee, hao wote ni wangapi?

Nikasema ni mmoja. Anakuja.

Nilisimama langoni hadi saa tatu na nusu. Palikuwa na mama na watoto wake watatu waliokosa nafasi. Mlinzi akauliza kama wangeweza kuingia kwa nafasi zangu. Nikamwambia zina wenyewe. Mtoto mdogo alinitazama muda wote. Nilitazama saa yangu.

Kisha nikaingia. Ni kweli ni jumba zuri. Vyumba virefu, milango ya nakshi, sakafu baridi. Hakukuwa na mtu. Nilikohoa, kikohozi kikarudi kutoka chumba cha tatu, nikageuka kwa haraka. Ukutani kuna bango lenye neno moja lililoendelezwa vibaya. Nililisoma kwa sauti, nikalisahihisha kwa sauti. Hakukuwa na wa kunisikia.

Nilipotoka, ujumbe wangu bado haukuwa umesomwa. Ndipo nikajua sehemu ya sentensi ambayo sikuisikia ile Ijumaa. Yule mwenzake mwenye harusi. Idman yuko kazini.

Nilikata shauri kuzima simu, ili akinitafuta ajue kwamba mimi pia ni mtu mwenye shughuli. Basi langu la kurudi lilikuwa la saa nane mchana, nililolilipia mapema. Nilipanda saa saba na nusu. Kiti cha kando yangu kilikuwa wazi hadi Garissa.

Jumapili, tarehe 17 Agosti

Nimewasha simu asubuhi. Arafa tatu, zote za Idman.

Saa saba na robo: "Aabo uko Mombasa? Mbona hukuniambia? Nilitoa Jumamosi yangu."

Saa saba na nusu: "Mbona simu imezimwa? Nimepewa ruhusa, kama unarudi Garissa saa nane nakuja stendi, usiondoke."

Saa nane na dakika sita: "Nimefika. Basi imeondoka. Nimekukosa."

Nimeketi na neno hilo la mwisho tangu kiamshakinywa. Kukosa ni kufika mahali usimpate unayemtafuta. Kwa maana hiyo sentensi yake ni sahihi kabisa, na haisemi zaidi ya yaliyotokea stendi. Lakini vijana hulitumia pia kwa kuiga Kiingereza, wakimaanisha kwamba moyo unamtaka mtu ambaye hayupo. Matumizi hayo ni makosa. Miaka thelathini na mmoja niliyapiga wino mwekundu.

Leo nimeomba Idman awe amekosea.

Ningeweza kumwuliza. Nilianza kuandika swali, nikalifuta. Nikamjibu: "Basi limeondoka, si imeondoka." Nikatuma. Ameusoma saa nne. Sasa ni saa tatu usiku, naye hajajibu. Bila shaka analitafakari.

Jioni nilipita kwa Dekow kumrudishia kikombe, nikakumbuka ni changu. Nikaendelea mbele hadi kwa Batula. Jumamosi tarehe 23, saa tatu, iko wazi. Sijui kama Idman ana nafasi siku hiyo. Nitamwarifu ujumbe utakapokamilika.

Batula alisimama nyuma yangu. Akasema mwalimu, bonyeza mara moja tu, kisha inua mkono juu niuone.

Nilibonyeza mara moja. Niliinua mkono. Kisha nikaona nimesahau nukta baada ya Bi.