Mimi, Shemeji na Upenyo wa Injini

Jumatatu, 9 Juni

Nimefura! Meneja ametangaza leo kwamba nafasi ya msimamizi wa karakana haitakwenda kwa mkongwe. Itakwenda kwa fundi atakayepunguza upenyo vizuri zaidi kwenye injini yake. Mkongwe ni mimi! Na mshindani wangu ni nani? Shemeji. Mdogo wake mke wangu, yule tunayemwita Taratibu kwa sababu hata nati anaifungua kana kwamba inaumwa. Mimi ndiye niliyemwingiza kazini. Mimi ndiye niliyemfundisha kushika spana. Kweli kikulacho ki nguoni mwako.

Upenyo ni kitu kidogo chenye kelele kubwa. Ndani ya injini ya ndege, mapanga yanazunguka katika kasha la chuma. Nafasi kati ya ncha za mapanga na kasha ndiyo upenyo; ukiwa mpana, hewa ya moto inapita pembeni bure na mafuta yanaliwa ovyo. Basi tunalizungushia kasha mabomba yenye vitundu vidogo. Hewa baridi inachomoka humo kwa nguvu, inalipiga kasha, kasha linapoa na kunywea, upenyo unapungua. Hakuna uchawi hapo.

Nafasi hii ni yangu. Nimeshamwambia mke wangu, naye kashawaambia majirani. Kurudi nyuma hakuna.

Jumanne, 10 Juni

Nimepata! Hewa nyingi, baridi nyingi. Hata mtoto wa chekechea angeelewa. Wenzangu walipokwenda kula, nikashika drili nikavipanua vitundu vyote vya mabomba yangu. Jasho likinitiririka, mluzi nikipiga. Taratibu akarudi mapema, akauliza mbona kuna vumbi la chuma sakafuni. Nikamwambia kama linamkera afagie. Akafagia! Mtu hana hata kiburi kidogo cha kukasirikia.

Jumatano, 11 Juni

Aibu. Aibu tupu. Injini ikawashwa, ikatulia, nikafungua vali ya hewa baridi. Nilitegemea hewa ipige. Hewa ikapumua! Ikatoka kichovu kama mzee anayekaa kitini, ikaligusa kasha, ikajiendea zake. Upenyo haukusogea hata kiduchu. Meneja akauliza kulikoni. Nikasema kipimo kibovu. Ndipo Taratibu, kwa ule upole wake unaonichefua, akasema labda vitundu vimepanuka, na vitundu vikipanuka msukumo hupotea, hewa ikakosa nguvu ya kupiga. Eti vimepanuka! Vyenyewe! Alijua fika. Alikuwa ananisitiri. Nani kamtuma?

Ikaja zamu ya injini yake. Upenyo mwembamba. Mafundi wakapiga makofi, hata wale niliowafundisha mimi.

Nyumbani, mama mkwe, ambaye anakaa kwetu, akasema mwanawe tangu utotoni ana mkono mtulivu. Alisema hivyo akinitazama mimi. Nikasusa chakula, nikatoka nje. Njaa iliponirudisha, sahani zilikuwa zimeshaoshwa.

Jaribio langu la pili ni Ijumaa.

Alhamisi, 12 Juni

Taratibu ana vitundu vizuri? Vyema. Nitavichukua. Nimeona mezani kwake mabomba yamefungwa utepe wa kuzuia vumbi, vitundu havionekani. Saa ya chai nikayang'oa mabomba ya injini yangu, nikayazungushia utepe, nikayaacha mezani kwake. Nikafunga yale ya mezani kwake kwenye injini yangu, utepe nikaubandua mwisho kabisa, macho yote mawili yakiwa mlangoni. Sikukagua kitu. Mwizi gani anakaa kukagua?

Kesho watanitambua.

Ijumaa, 13 Juni

Nitapasuka! Nimefungua vali kwa madaha yote, na hewa ikapumua. Ileile! Kichovu vilevile! Taratibu akashika kichwa. Akasema mbele ya karakana nzima kwamba haelewi, maana jana asubuhi aliona haya kwa niaba yangu, akanifungia mabomba yake ya akiba kwenye injini yangu, na yale yangu mabovu akayaweka mezani kwake ili yakarekebishwe.

Yaani nimeiba mabovu yangu mwenyewe!

Damu imenichemka hadi sasa naandika kwa kukwaruza. Na kosa ni lake. Mtu anayetenda wema kimyakimya bila kuwaarifu wenzake ni hatari kazini. Meneja akasema mabomba mazuri yarudishwe, na kesho ni mara ya mwisho. Akasisitiza neno mwisho.

Jumamosi, 14 Juni

Hewa ilipiga! Kwanza niandike hilo, lisisahaulike. Hewa ilipiga, kasha likanywea, kipimo kikashuka, kikampita Taratibu. Kikampita! Meneja akasema naam. Moyoni nilikuwa nimeshakalia kiti cha msimamizi na nimeshaanza kumtuma Taratibu.

Likabaki jambo moja tu, kuongeza moto, kama ndege inapopaa. Kila fundi anajua kwamba kabla ya kuongeza moto unafunga hewa baridi. Mapanga yakipata moto hurefuka upesi, na kasha sharti liachwe litanuke nalo. Meneja akasema funga. Taratibu akaniashiria vali. Lakini nikifunga, upenyo unapanuka na ile namba yangu nzuri inapotea mbele za watu. Namba niliyoihangaikia wiki nzima! Halafu niipoteze kwa kuashiriwa na Taratibu?

Sikufunga. Nikasukuma wenzo wa kuongeza moto.

Ule mlio! Mapanga yakalikwaruza kasha, cheche zikaruka, harufu ya chuma kuungua ikajaa. Wakazima. Ncha zote zimesagika. Sasa upenyo ni mpana kuliko siku injini ilipoletwa karakana. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Ardhi nayo ikanisusa.

Jumapili, 15 Juni

Msimamizi ni Taratibu. Alikuja nyumbani mwenyewe kunieleza. Nilikuwa nifukuzwe, akanipigania. Akamwambia meneja kwamba bila mimi yeye asingejua hata spana inashikwaje. Mke wangu akalia. Mama mkwe akaniangalia kwa huruma, na afadhali angenizaba kofi. Nikasema asante, meno yakiwa yameumana.

Akasema nisife moyo, shemeji. Kesho nitamfungia mabomba kwenye injini yake mwenyewe, ile iliyoshinda, inayokwenda kwa mteja. Hatakuja kukagua. Ananiamini.

Alipoondoka nikakaa nikatafakari, na nimeliona kosa. Halikuwa langu. Ni umbali! Mabomba tunayaweka mbali mno na kasha. Yakisogezwa hadi yakaribie kuligusa, hewa itapiga mara mbili, na meneja ataona kwa macho yake nani fundi. Eti kasha likipata moto litatanuka na kuyagonga; maneno ya waoga. Nyundo ndogo ya kuyapindia nimeshaiweka mlangoni.

Hatakuja kukagua! Hilo ndilo kosa lake la kwanza akiwa msimamizi.