Kaimu Kamera wa Kata ya Kizingani

Wananchi wa Kata ya Kizingani mnatangaziwa, na wasio wananchi mnajulishwa, kwamba kuanzia Jumatatu kamera zote zilizokuja na simu za watumishi zimeondolewa madarakani na zitapangiwa kazi nyingine.

Tangazo hilo lilisomwa Ijumaa baada ya swala, kwa kipaza sauti cha kukodi cha muuza sumu ya panya. Mwenye chombo alikuwa na haraka ya kwenda Mwera, kwa hiyo neno la mwisho la serikali lilifuatwa papo hapo na rekodi yake: panya, mende, kunguni, wote wanalala. Wananchi walipokea taarifa zote mbili kwa utulivu.

Aliyeandika tangazo ni mimi, Asmahani. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne katika shule ya bweni kule milimani, niko nyumbani nasubiri matokeo, na mjomba wangu, Bwana Sabiri Uweso, Mtendaji wa Kata, alikuwa ameniteua Mshauri wa Ufundi wa Mpito wa Kamera. Uteuzi ule haukuwa na mshahara wala kiti, ila ulikuwa na chapati. Niliupokea kwa moyo wa kulitumikia taifa.

Chimbuko la mageuzi lilikuwa kikao cha watendaji kule wilayani, ambako picha za kila kata zilionyeshwa ukutani. Picha za kata nyingine zilikuwa na barabara, miti na watu wenye afya. Za kwetu zilikuwa na Kizingani. Mjomba alirudi amenuna mpaka kofia imemkaa vibaya.

"Hizi kamera za kiwandani hazina uzalendo," alisema. "Zinaonyesha kila kitu."

"Mheshimiwa, dawa ninayo," alijibu Bryson, afisa kilimo, akatoa simu yake.

Ndani ya simu ile mlikuwa na programu iitwayo Mng'aro. Bryson aliitumia kujipiga picha za kumtumia mchumba wake, Queen wa Maramba, waliyejuana naye kwa simu na ambaye hakuwa amemwona bado kwa macho yake. Katika picha hizo Bryson alikuwa laini kama andazi ambalo halijaingia mafutani.

Mng'aro ilitengenezwa kwa ajili ya nyuso, lakini haikuwa na ubaguzi. Ilipoelekezwa kwenye barabara ya sokoni iliona mashimo, ikayachukulia kuwa chunusi, ikayafuta. Ilipoelekezwa zahanati, ambako upepo wa vuli ulikuwa umeng'oa bati juu ya kitanda cha kujifungulia, iliona tundu, ikahesabu kuwa ni chunusi sugu, ikalifuta kwa bidii zaidi. Paa likatoka nyororo. Mjomba aliitazama picha hiyo kama mtu aliyeonyeshwa pepo kabla ya siku yake.

"Hii ndiyo Kizingani ninayoiongoza mimi," akasema.

Kikao cha makabidhiano kilihudhuriwa na watumishi wote, kila mmoja ameweka simu yake mezani kama mshtakiwa. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha kwamba mtu akitaka kupiga picha, inayofunguka ni Mng'aro, siyo ile ya kiwandani. Ni kazi ya kubonyeza mara mbili. Ilichukua asubuhi nzima, kwa sababu simu iliuliza swali.

"Inaniambia nichague," alisema Ernesti, afisa mifugo, ameishika simu kwa vidole viwili. "Mara moja tu, au Kila mara."

Kwako wewe hilo ni swali la simu. Kwa mtumishi ni swali la pensheni. Anayebonyeza Kila mara ameamua jambo, na aliyeamua jambo ndiye anayepatikana siku ya ukaguzi.

"Bonyeza tu, mzee," alisema Bryson. "Hujaambiwa utie saini."

"Kubonyeza ni saini ya kidole, kijana. Mimi nakaribia kustaafu. Wewe bonyeza, unayetafuta mke."

Hapo ndipo busara ya mjomba ilipoonekana. Alitukumbusha kwamba mwalimu mkuu wetu alikuwa anakaimu, mganga mfawidhi anakaimu, hata mlinzi wa ofisi alikuwa akikaimu tangu mwenye lindo ahamie Tanga mjini. Haingekuwa haki kwa programu ya juzi kuthibitishwa kazini kabla ya binadamu. Ikaazimiwa kwamba Mng'aro iteuliwe Kaimu Kamera. Watumishi wote wakabonyeza Mara moja tu, na kuanzia siku hiyo, kila mtu alipotaka kupiga picha simu ilimuuliza upya, naye akaiteua upya. Kulikuwa na uteuzi mwingi sana kata yetu msimu ule.

Mjomba alivumilia wiki moja.

"Asma, hii simu haina adabu. Kila nikiinua mkono inaniuliza. Mimi ni wa kuulizwa?"

"Inaweza kunyamazishwa, mjomba. Ukichagua Kila mara haitauliza tena. Popote simu itakapotaka kamera, itafungua Mng'aro moja kwa moja. Popote kabisa."

"Ndiyo nidhamu hiyo. Weka."

"Na kiwango cha ulaini? Kinaanzia moja, kinaishia kumi."

"Umewahi kumwona Mtendaji wa kiwango cha tano?"

Nikaweka kumi. Nilitekeleza agizo, na chapati nilipewa.

Taarifa za Januari, Februari na Machi zilipanda wilayani zikiwa na picha laini, na Kizingani ikasifiwa. Aliyeharibu hali ya hewa ni Bi Saleha, muuguzi wa zahanati. Aliandika kuomba bati. Ofisi ikamjibu kwamba, kwa mujibu wa picha, paa ni zima. Mvua za kwanza za masika zilipoanza akaja mwenyewe, ana kitu amekikunjia kwenye beseni.

"Shikamoo, Mtendaji."

"Marahaba, Bi Saleha. Za kazi?"

"Kazi imelowa. Nimekuletea shuka la kitanda cha kujifungulia. Likamue ujionee."

"Picha ya shuka unayo?"

"Sina. Nina shuka."

"Ofisi haiwezi kufanyia kazi shuka, mama. Leta picha."

Simu ya Bi Saleha ilikuwa kitochi, ya kupiga na kupokea. Kwa ukarimu mkubwa mjomba alimwagiza Bryson ampigie picha hiyo. Shuka likatoka kavu, na kwa namna fulani limepigwa pasi.

"Mpwa wako Nasma anajifungua mwezi ujao," alisema Bi Saleha, akichukua beseni lake. "Nitamlaza kwenye picha."

Nasma ni dada yangu. Alikuwa amekwenda kliniki wiki hiyo, akaoneshwa kitanda, akainua macho akaona mawingu.

"Nilimuuliza Saleha, hiki ni kitanda au kisima," alinisimulia jioni, tukichambua mchicha uani. "Na wewe, msomi. Miaka minne kwenye baridi kule juu, ukarudi kuja kuficha tundu."

"Mimi ni mshauri tu."

"Basi nishauri. Pale sizai. Na barabara ya kwenda hospitali Pangani masika ikichanganya haipitiki. Mwaka jana Jenifa alizalia juu ya bodaboda, kabla hajafika hata Mwera. Mtoto mpaka leo wanamwita Klachi."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alikuwa ameacha mchicha, mikono yote miwili iko tumboni, na aliitazama mvua kama mtu anayetazama deni la mwenzake likimjia yeye. Niliingia ndani nikafikiri, jambo ambalo kwa kawaida nalifanya wakati wa mitihani tu.

Sikulazimika kufikiri sana, kwa sababu serikali ilinisaidia. Katikati ya Aprili uliagizwa uhakiki wa watumishi: kila mmoja aingie kwenye mtandao kwa simu yake, mtandao ufungue kamera, ajipige uso, na uso huo ulinganishwe na ule ulioko kwenye faili lake. Tulikusanyika ofisini. Simu ya Ernesti ikamuuliza ni kamera ipi, nikamshauri achague ya kiwandani, akatambuliwa. Ya Bryson ikamuuliza, akatambuliwa, akasikitika. Ya mjomba haikuuliza. Simu yenye nidhamu haiulizi.

Ikapiga. Kwenye kioo alitokea kijana wa miaka ishirini hivi, hana mvi, hana kunyanzi, na kwa kweli hana pua ya kutosha. Mjomba alimtazama kijana huyo kwa upendo.

"Mjomba," nilisema, "hii picha naona ina tatizo."

"Tatizo gani?"

"Nzuri mno."

"Wivu ni dhambi, Asma. Tuma."

Nikatuma.

Majibu yalikuja baada ya siku chache. Yalisema kwamba mtu aliyejitokeza kwa jina la Sabiri Uweso hafahamiki katika utumishi. Kwamba Sabiri Uweso mwenyewe, kwa kutoonekana, atahesabiwa kuwa mtumishi hewa na mshahara wake kusimama. Na kwamba kijana aliyejaribu kuiba jina lake asakwe na kukamatwa mara moja. Agizo la kumsaka lilielekezwa kwa Mtendaji wa Kata.

Mjomba alipiga simu wilayani. Alieleza kwamba yeye ndiye yeye, na sauti yake wanaijua. Akajibiwa kwa upole kwamba, kwa mujibu wa picha, siye. Siku mbili alizunguka kata nzima akiwa hewa. Ernesti alianza kukalia kiti chake, kwa kukaimu.

"Nirudishie kamera ya zamani," aliniambia mjomba.

"Ile ilipangiwa kazi nyingine kwa azimio la kikao, mjomba. Kuirudisha kunahitaji kikao. Kikao huitishwa na Mtendaji. Na Mtendaji kwa sasa hayupo."

"Asma. Mimi ni kaka wa mama yako."

"Ndiyo maana nakushauri bure. Nitakurudishia kimyakimya, kwa dharura. Lakini picha ya pili lazima isiwe na shaka hata kidogo. Lazima upigwe kwenye kituo cha huduma cha kata, kwa mwanga wa asili, unaotoka juu. Hapa ofisini ni giza. Shuleni ni giza. Kata nzima kuna chumba kimoja tu chenye mwanga wa asili unaotoka juu."

Alichukua kofia yake. Watu wa serikali si wajinga, huwa wana haraka tu. Mwisho wa mwezi ulikuwa karibu, na hewa hailipwi.

"Twende," akasema.

Kulikuwa na manyunyu. Bi Saleha alitukaribisha kwenye chumba cha kujifungulia, akamsimamisha mjomba kando ya kitanda, akamsogeza kidogo kushoto, akamsogeza tena, mpaka maji yakawa yanamdondokea katikati ya kofia. Mimi nilichuchumaa. Kamera ya kiwandani haikuwa na kinyongo. Ilimpiga mjomba vilevile kama zamani. Ilimpa mvi zake zote, makunyanzi yake yote, na tone la maji kwenye ncha ya pua. Juu yake ilipiga tundu, wingu lililokuwa ndani ya tundu, na kunguru aliyekuwa ameinama ukingoni, anachungulia.

"Kunguru atoke," alisema mjomba.

"Kumfukuza kutachelewesha uhakiki," nilisema, nikatuma.

Safari hii majibu hayakuchelewa. Nayanukuu kwa heshima: "Mtumishi ametambuliwa. Tundu nalo limetambuliwa. Kwa kuwa taarifa zako za Januari, Februari na Machi zinaonyesha paa zima, ni dhahiri kwamba limetobolewa mwezi huu. Kwa kuwa mtu pekee anayeonekana chini ya tundu ni wewe, unaagizwa kulirudisha paa katika hali lililokuwa nayo pichani, kwa gharama yako, kabla wiki haijaisha. Kunguru hahusiki."

Mjomba alisoma mara kadhaa akitafuta mlango wa kutokea. Ulikuwepo mmoja. Angeweza kuwaandikia kwamba tundu ni la zamani, na kwamba zile picha za miezi mitatu zilikuwa za uongo. Alikaa nao mlango huo usiku kucha. Asubuhi akaenda dukani kununua bati.

Alhamisi fundi Lucas alipanda juu ya zahanati. Msaidizi wake hakutokea, kwa hiyo ngazi ilishikwa na Mtendaji wa Kata. Nasma alikuwa ameshafika tangu alfajiri, kwa miguu yake, akisimama kila baada ya nyumba mbili kuutukana utumishi wa umma. Misumari ya mwisho ilipokuwa inaingia, Bi Saleha alitoa kichwa mlangoni.

"Mwambieni huyo aweke nyundo chini. Kuna mtu anasukuma."

Lucas akaweka nyundo chini. Mvua ikaanza, mvua ya haki, ikapiga bati jipya kwa kishindo. Ndani hapakudondoka kitu. Nje ilimkuta mjomba, ambaye hakuweza kuiacha ngazi kwa sababu fundi alikuwa bado juu. Tukangoja hivyo, Lucas juu, mjomba chini, mimi kibarazani, mpaka sauti ndogo, kali, isiyoheshimu mamlaka yoyote, ikatoka chumbani na kuishinda mvua.

"Wa kike," alisema Bi Saleha kupitia dirishani. "Mkavu."

Mjomba alifuta uso kwa kofia. Kofia haikusaidia kitu.

"Asma. Nipige hapa na paa langu. Wilaya wanataka ushahidi."

Nikatoa simu.

"Naonekanaje?"

"Kama ulivyo, mjomba."

Alilitafakari hilo, ameikumbatia ngazi.

"Basi rudi nyuma," akasema. "Rudi. Rudi tena kidogo."

Nilirudi mpaka ng'ambo ya barabara. Picha ilitoka safi: zahanati nzima, na bati moja jipya linalong'aa katikati ya mengine yaliyochakaa. Wilaya wameipokea na wameridhika na paa. Wameuliza tu hilo doa jeusi lililopo kando ya ngazi ni la nini, na kuagiza lishughulikiwe.