Filimbi Ishirini za Kuua Vijidudu

3 Falgun, Jumapili
Mtambo wa kuchemshia vyombo vya upasuaji umekufa. Kipuri kipo Kathmandu, barabara ipo chini ya maporomoko. Na mzee Harkajit ana ngiri. Wanawe wamembeba kwenye kapu siku mbili. Daktari kasema ikijisokota kabla hajapasuliwa, tutachoma maiti yake mtoni. Kaniuliza mimi, fundi, tufanyeje. Sufuria ya presha! Sista Pabitra kadai alishaliwaza hilo tangu asubuhi. Mwongo mkubwa.

4 Falgun, Jumatatu
Nimeazima sufuria kubwa ya Jethi, mpishi wetu. Nimeisugua mpaka harufu ya vitunguu ikaisha. Karibu iishe. Sista anataka nitumie saa: dakika thelathini tangu mvuke uanze kutoka. Saa! Mama yangu kapika dengu miaka arobaini kwa kuhesabu filimbi za mvuke wa sufuria tu. Nikamwambia filimbi ishirini, vijidudu vyote marehemu. Akasema, kaka fundi, hizi si dengu. Wivu huo! Nimechonga kibao: UVUMBUZI WA TIKARAM.

5 Falgun, Jumanne
Aibu gani hii! Niliinjika sufuria na vyombo ndani, nikatoka uani kuota jua, nikahesabu ishirini kamili. Nikaiingiza chumba cha upasuaji kwa madaha. Ilikuwa vuguvugu, nikadhani ni baridi ya mwezi huu wa Falgun. Sista akafungua, akatazama ule utepe unaogeuka mweusi joto likitosha. Mweupe pe! Gesi yangu iliisha zamani. Nilizohesabu ni filimbi za Jethi, nyuma ya ukuta. Kwa kuwa sufuria kubwa ninayo mimi, alipika dengu za wodi nzima kwa ile ndogo, awamu nne za filimbi tano tano. Mzee alikuwa mezani tayari, hajala tangu jana. Akauliza kama dengu zimeiva. Wanawe wakaanza kukaza kamba za kapu waondoke naye. Nakiri, niliogopa.

6 Falgun, Jumatano
Wanawe walibembelezwa, wakakubali kungoja siku moja. Sista alikaa kando ya moto wa kuni na saa yake dakika thelathini bila kupepesa. Utepe mweusi tii. Mzee kapasuliwa, kazinduka, anadai dengu. Machozi yalinitoka, nikasingizia moshi. Daktari kamshukuru Sista mbele za watu. Kibao changu Jethi anakatia vitunguu.

7 Falgun, Alhamisi
Nimegundua kosa. Si filimbi, ni Jethi! Kesho kuna ngiri nyingine, na Sista yuko likizo. Nimempiga Jethi marufuku kupika dengu. Amekubali, atapika viazi. Viazi ni filimbi tatu tu.
Kwenye hesabu yangu nitatoa tatu.