Pijo Isiyolia

Jumatatu, 6 Desemba 2004
Pijo, gari langu la zamani, imelia kutoka Myanga hadi mlangoni kwangu. Nyii! Kila shimo, nyii! Viola, kifungua mimba wangu, anaolewa Jumamosi. Ameniambia kwa adabu kwamba hataingia kanisani kwa gari linalolia kuliko mama wa bibi harusi. Ati mjomba wake Wakoli atampeleka kwa Corolla. Wakoli! Shemeji yangu wa Kitale, anayepangusa gari kwa leso! Baba mzima nifuate nyuma kama mzigo? Haiwezekani. Nimeomba mpaka Ijumaa. Viola amekubali: Pijo ikinyamaza, atapanda yangu.

Jumanne, 7
Nimekwenda kwa Sharif, fundi wa karibu na msikiti. Amelala chini ya gari, akatoka akitikisa kichwa. Ati viungo vya stering vipigwe grisi kwa pampu, na bushi, zile raba za kati ya vyuma, zimekwisha, zibadilishwe. Nikasema basi tuzipake mafuta. Ati hapana mzee, mafuta yanaharibu raba. Mafundi bana! Wakisikia harusi, kila kitu kimekwisha. Nimeondoka na gari langu.

Jumatano, 8
Wazo! Mafuta ya kukamulia. Yanalainisha chuchu za ng'ombe, yashindwe na chuma? Nimepaka kila kinachocheza. Mke wangu Jentrix ameuliza kopo liko wapi. Nimesema sijui. Kwenda Sirisia: kimya! Kurudi: vumbi lote la barabara limenata. Sasa inalia kwa sauti mbili. Jentrix amekamua kwa mafuta ya nywele. Ng'ombe amempiga teke.

Ijumaa, 10
Wakoli amefika. Ati amenisikia akiwa bado njia panda. Watu wamecheka, hata Jentrix. Nimeumia, sifichi. Viola nilimpeleka shule ya bweni kwa Pijo hii hii.

Lakini Mungu si Athumani. Fahali wa harusi amechinjwa, na sufuria ya mafuta yake imebaki jikoni. Nimeyamimina vuguvugu kwenye viungo, springi, bushi, kote. Nimezunguka boma mara tatu. Kimya! Viola ametoka, amesikiliza, amesema sawa Baba, nitaenda na wewe. Wakoli amekwenda kupangusa Corolla yake.

Jumamosi, 11
Tumetoka saa nne. Pijo haikulia hata kidogo. Akina mama mbele wakiimba, mimi nyuma yao mwendo wa kinyonga. Akaja mbwa mmoja. Akanusa. Kufika sokoni walikuwa kumi na mmoja, wengine wameingia uvunguni wanaramba. Nikipiga honi, wanatikisa mikia! Ningesonga, ningeua mbwa mbele ya pasta. Wakoli akafungua mlango wa Corolla, akamwita Viola. Viola akashuka. Nikajua nimekwisha.

Akazunguka mpaka upande wangu, akanishika mkono. Akasema Baba, twende kwa miguu, mimi nilitaka tu tuingie pamoja. Tukatembea mpaka kanisani. Nililia njia nzima, na sikujali nani ananiona.

Jumapili, 12
Nimetafakari kwa utulivu. Kosa lilikuwa ng'ombe. Mbwa wa hapa wamezoea ng'ombe. Sharif amepita kutupongeza, akachungulia chini ya gari, ati bushi zimevimba kama maandazi. Wivu tu. Rispah, mdogo wake Viola, anaolewa Aprili. Nimeshamwambia asikubali Corolla ya mtu. Kuna mzee kule Moi's Bridge anauza mafuta ya kondoo. Nimeagiza ndoo mbili.