Kipimajoto cha Dagaa

Musoma nzima ilikuwa na injinia mmoja tu, na injinia huyo ni Mugeta. Kasema nani? Mugeta mwenyewe, kila asubuhi pale sokoni Mwigobero, kwa yeyote aliyesimama kununua dagaa.

Mzee Silasi, baba yake Debora, msichana ambaye Mugeta alitaka kumuoa, alikuwa anatafuta taa ya kuvulia dagaa. Ya dukani ya nini! Mugeta akaapa kuiunda nyumbani. Mzee akasema sawa, ila kijana mwenye mdomo mkubwa namna ile hampi binti mpaka aone kazi ya mikono yake. Jumamosi baba na binti wakaja kushuhudia.

Kiwanda chenyewe kilikuwa oveni ndogo ambayo dada yake, Rhobi, alishaisusa kuokea keki. Mugeta akapaka bodi uji wa risasi ya kulehemu, akapanga juu yake vitaa vidogo kama punje za ulezi, kimoja kimoja, kwa kibanio cha nyusi. Alibana pumzi, maana chafya moja tu na ndoa imepeperuka! Kilichobaki ni kuoka, risasi iyeyuke, vitaa vishike.

Kipimajoto hana. Alikuwaga anaweka dagaa mkavu mmoja kando ya bodi. Dagaa akigeuka kahawia, anazima. Na ilikuwa inakubali kila mara.

Ila leo mkwe yupo! Mtu na heshima zake amwekee mkwe dagaa mkavu? Akanunua mbichi, mnene, akampaka chumvi na ndimu.

Bwana we. Dagaa mbichi ana maji. Wote wakamkodolea macho kupitia kioo cha oveni, naye mweupe tu, hana haraka. Bodi ikaanza kufuka moshi. Debora akanong'ona kwamba azime. Mugeta akamjibu sayansi haitaki pupa, kipimo bado. Vitaa vikalainika, vikaporomoka, bodi ikajikunja. Ndipo dagaa akapata rangi.

Mzee Silasi akachungulia. Huku kipande cha mkaa, huku dagaa mmoja, kahawia pande zote, hajaungua hata mkia.

"Taa nitanunua dukani," akasema.

Mugeta akanyoosha mkono kuzima oveni. Mzee akamtazama tena yule dagaa.

"Binti nakupa, hatalala njaa. Ila Jumatatu uje ziwani. Mpishi wangu amehamia Kisorya."

Sasa injinia wetu yuko mtumbwini na mwiko wake, anawasongea wavuvi ugali, na taa inayomulika sufuria ni ile ya dukani.