Jipu, Posa na Mto wa Mama Mkwe

Leo nimeaibika Junda, tena bila msaada wa mtu.

Mnanijua. Nimerudi kutoka Doha na diploma yangu ya hoteli, nimejijengea kwangu Mikindani, sijaomba mtu hata msumari. Leo alasiri nilikuwa nakwenda kumposa Mbeyu. Tatizo ni jipu. Liko kwenye kalio la kulia. Kukaa siwezi, na posa haizungumzwi wima.

Asubuhi nikakimbilia kliniki moja mtaa wa Ziwa la Ng'ombe, mbali na wanaonijua. Nesi alikuwa mama wa makamo, barakoa imempanda hadi chini ya macho. Nikamweleza kwamba mimi nimetembea dunia, sindano haziniogopeshi. Akasema vyema, nilale kifudifudi. Sindano ya ganzi ilipoingia tu, nikalia, "Mama!"

"Nipo, mwanangu," akaitika, akanishika bega mpaka nikatulia.

Mkono mwepesi, wallahi. Akalipasua, akafunga bendeji. Nikamsihi asimwambie mtu. Akanijibu kwamba ya mgonjwa huishia pale mlangoni.

Alasiri tukafika Junda kwa kina Mbeyu, mimi na mjomba Karisa. Mama yake Mbeyu sikuwahi kumwona. Kila nikienda, yuko kazini. (Kazi gani, sikuuliza. Nilikuwa nikieleza yangu.) Na kwetu mama mkwe ana heshima yake: mkono humpi, macho unainamisha. Nikainamisha. Nikajishusha kwenye benchi la mbao, nusu nimekaa, nusu naning'inia.

Mara nikaona miguu inakuja. Mto ukawekwa kando yangu.

"Kalia huu, mwanangu."

Sauti ile! Nikainua macho. Safari hii hakuna barakoa.

Baba Mbeyu akauliza mbona mgeni mmoja tu ndiye apewe mto. Mkewe akasema benchi ni gumu, na kijana amezoea viti vya ughaibuni. Basi. Wazee wakaridhika, wakarudi kwenye chai yao. Mambo yangeishia hapo. Lakini mimi na akili zangu za diploma nikaona siri inatoka, nikaropoka:

"Mama, si uliahidi hutamwambia mtu habari za kalio langu?"

Mjomba Karisa akaweka kikombe chini. Baba Mbeyu akamgeukia mkewe polepole.

"Kalio lake umelionea wapi?"

"Mimi sijasema neno," akajibu mama mkwe, ametulia kabisa. "Muulize mwenye nalo."

Nikaeleza. Jipu, sindano, hata kile kilio. Nyuma ya pazia namsikia Mbeyu anacheka mpaka anakohoa.

Posa imepokelewa, asanteni. Ila kidonda kinataka kusafishwa kila siku, na baba mkwe ameamua: kliniki ya nini, na nesi tunaye nyumbani? Naanza kesho. Atakayecheka, harusini asije.